Hodi ya Kidole Gumba

Mabela, saa nane usiku. Nje joto halijalala.
Kiyoyozi kinadondosha matone ndani ya ndoo ya rangi,
nami nimekaa sakafuni, mgongo kwenye kabati,
najibu maswali ya kiini.

Kiini hakina haya. Kinahoji kama karani wa uhamiaji:
Kibodi, yumo? Kipanya, yumo?
Skrini ya kugusa? Kalamu ya mchoraji?
Na kile kispika kinachojua kulia pii tu, nacho tukitie?
Majibu ni matatu:
ndiyo, akae ndani na wenyeji;
hapana, asijulikane;
au moduli, akae barazani, aitwe akihitajika.

Nikasema hapana. Hapana. Hapana.
Mashine kuukuu, kumbukumbu yake finyu
kama stoo ya nyumba ya kupanga.
Sina nafasi ya kulaza wageni wasiokuja.

Nilimtaka mmoja: fimbo ya michezo,
nyekundu, imechubuka shingoni,
niliyoinunua Ruwi kwa rial tatu na baisa mia tano
kwa Kunjumon, aliyeniuliza, "Ya mtoto?"
Nikamwambia ya shangazi.
Akaifuta vumbi mara ya pili.

Tangu mwezi wa mlisho, Bi Zeyana ana kidole gumba.
Vingine vipo, ila haviitiki.
Ulimi umelala upande.
Macho ndiyo yaliyobaki na ukali wao wote,
yakikutazama unajua umevaa shati halijapigwa pasi.

Saa tisa kasoro nikaiwasha.
Maandishi yakateremka mbio, meupe juu ya weusi,
yakasimama. Kishale kinapepesa.
Nikabonyeza. Kimya.
Nikabonyeza kwa kiganja kizima. Kimya.
Ndipo nikakumbuka: katika zile hapana zangu
nilimtosa na kibodi.

Nimejenga nyumba nikajifungia nje,
na mwenyewe yumo, macho wazi,
anahesabu sekunde,
hana habari kama kuna mtu mlangoni.

Nikacheka peke yangu. Kisha sikucheka.

Aliwahi kunihadithia siku aliyoshuka Matrah,
msichana wa miaka kumi na tisa, sanduku moja, kamba ya usumba.
Kijana wa mezani akamsemesha Kiarabu cha haraka,
naye Kiarabu chake kilikuwa cha msahafu na cha kuombea maiti.
Akajibu Kiswahili.
Kijana akageuka nyuma,
kama aliyesikia hodi nyumba ya jirani.
"Sikuwa bubu, mwanangu," alisema.
"Ndani hamkuwa na wa kunipokea."

Bahati, kiini cha zamani sikukifuta.
Nikaingia kwa mlango wa uani, nikarudi kwenye orodha.
Kibodi: ndiyo, na uniwie radhi.
Matukio: ndiyo, yule tarishi
anayepokea kila mguso akauandika,
saa gani, upande gani, kwa nguvu kiasi gani.
Fimbo: kidole kikaning'inia juu ya moduli,
ndilo jibu la fundi mwenye akili.
Nikasema ndiyo. Akae ndani.
Huyu asingoje barazani tena.

Kikajijenga hadi adhana.

Asubuhi tukamwekea fimbo chini ya gumba.
Herufi zikapita kwenye skrini, moja moja, polepole,
kama watu wanaotoka msikitini na hawana haraka.
Akasukuma. C.
Shinuna, bintiye, amejifunika mdomo kwa leso.
H. Tukangoja.
A. Mimi nilikuwa nimeshaamua ni jina la marehemu.
Robo saa nzima, jasho likamtoka juu ya mdomo,
asitake kufutwa:

CHAI HAINA SUKARI

Kweli haikuwa nayo.
Daktari amekataza, karatasi yake iko kwenye friji.
Shinuna akanitazama, nikamtazama,
na gumba likaanza tena kusukuma. V. I. J.

Tukatia viwili.